Upande wa Mizani, Upande wa Mlango

Sinia lilirudi jikoni limeliwa upande mmoja.

Dalila alilipokea penye pazia, akaliangalia, akaliweka mezani bila kulimwaga. Masinia mengine yalikuwa yamerudi yamekombwa, yamebaki mifupa na maganda ya ndimu kama kila Ijumaa. Hili lilikuwa na shimo dogo ukingoni, pale mtu mmoja alipokaa akala mbele yake, na pilau iliyobaki ilikuwa imesimama vilevile alivyoipakua yeye mwenyewe, zabibu zake juu hazijaguswa. Sinia la watu wanne. Alichungulia sebuleni. Kaka yake Yasir alikuwa peke yake kwenye jamvi la dirishani, ananawa mikono taratibu kama mtu aliyekaa na wageni wake. Jamvi la pili lilikuwa na wanaume waliobanana magoti, kila mmoja amekaa kiubavu ili mkono wake ufike kwenye chakula.

"Mbona umeganda? Osha vyombo," alisema dada yao mkubwa, Hafidha, akiingia na birika.

"Hili halijaliwa, dada."

Hafidha alilitazama sinia, kisha akalitazama pazia. Alikuwa mwanamke mnene wa umbo na mwepesi wa mikono, na hakuwahi katika maisha yake kukubali pilau yake isemwe vibaya. "Chumvi?" aliuliza.

"Chumvi iko sawa. Watu ndio hawakukaa."

Hafidha akachukua kawa, akafunika. "Wewe mtoto. Usiangalie chakula cha watu."

Dalila hakuwa mtoto. Alikuwa na miaka ishirini na tatu. Lakini kwa kuwa shule aliiachia darasa la tano, na kwa kuwa hakuwa msemaji, watu walizoea kuzungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya friji. Kwa njia hiyo alikuwa amejua mengi.

Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya tisa, mtaa wa Xiaobei mjini Guangzhou, China, na iliishi kwa Ijumaa. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Unguja walitoka msikitini, wakapanda lifti, wakala kwa Hafidha, na chakula hicho ndicho kilicholipa kodi. Siku nyingine walitawanyika mjini: wa midoli na penseli Yide Lu, wa viatu Liuhua, wa vitambaa huko karibu na Kangle. Hakuna hata mmoja wao aliyeweza kujaza kontena peke yake. Ndiyo maana walikuwa na Umoja. Kila mtu alileta katoni zake ghalani, kila katoni ikaandikwa alama ya mwenyewe kwa wino mweusi, na Yasir, aliyejua Kichina kuliko wote, akazipanga mpaka kontena likafungwa mlango. Mtu aliyetolewa kwenye kontena la Umoja hakuhitaji kufukuzwa Guangzhou. Angeondoka mwenyewe.

* * *

"Simu nilimpa kwa mkono wangu," Yasir alisema, wageni walipokwisha kushuka. "Humphrey alikuwa analipia viatu Liuhua, simu yake imezima. Nikampa yangu alipe. Ujumbe ukaingia."

"Ujumbe gani?" Hafidha aliuliza.

"Wa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu wa Yiwu."

Hafidha hakuuliza zaidi. Humphrey, mwenzake wa Umoja aliyefanya biashara ya viatu, naye hakuwa ameuliza kitu. Aliusoma ujumbe, akalipa, akarudisha simu, akasema asante sana ndugu yangu, na kesho yake kabla ya adhuhuri kundi zima la Umoja lilikuwa limejua kwamba Yasir ana mpenzi katika mji wa Yiwu, na kwamba mpenzi huyo ni mwanamume.

"Sasa nisikilize," Hafidha alisema, akakaa, akaweka mikono juu ya mapaja. "Jambo lenyewe jepesi. Utaandika kwenye kundi kwamba ujumbe ule si wako, simu ulikuwa umemwazima mtu. Basi. Watu wenyewe wanatafuta pa kutokea. Wape mlango watoke."

"Simu ni yangu, dada."

"Nani kasema si yako? Nimesema uandike."

"Wakiniuliza nilimwazima nani?"

"Mgeni. Guangzhou nzima wageni."

Yasir alicheka bila kutaka. "Hukunifundisha kusema uongo tangu tuko wadogo."

"Nakufundisha leo. Hujachelewa." Lakini macho yake hayakucheka. "Na mama kashakupatia mchumba. Ukikubali tu, posa ikitangazwa, maneno yote haya yanakufa."

"Na huyo binti? Yeye nimfanye nini akishafika?"

Hafidha alivuta vikombe vya wageni, akaanza kuvipanga. Jikoni, Dalila alizima bomba ili asikie jibu.

"Katoni zangu zimeshatolewa kwenye rundo," Yasir alisema. Alisema kama anayetaja hali ya hewa. "Ziko karibu na choo cha ghala, zenyewe tu. Walizisogeza kwa toroli. Hata kuzibeba kwa mikono hawakutaka."

Hafidha aliinamisha kichwa. Aliuvuta vuta upindo wa kanga yake.

"Zimelowa?" aliuliza.

* * *

Mwenyekiti wa Umoja, Abdulhadi, alikuja mwenyewe nyumbani. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililofanya ujio wake uwe mzito. Mwanachama akifa, yeye ndiye aliyekimbilia hospitali na ubalozi mpaka jeneza likapanda ndege. Alikuja pamoja na katibu, Wilbard, kijana wa Bukoba aliyekuwa akisoma kwa ufadhili na ambaye Umoja ulimpa kazi ya kuandika katiba mpya kwa sababu yeye peke yake hakuchoka kuandika.

Dalila aliwaletea chai ya tangawizi, akasimama na trei yake karibu na pazia.

"Soma," Abdulhadi alimwambia Wilbard.

Wilbard akasoma: "Mwanachama asinyimwe nafasi ya mzigo, msaada wa ugonjwa wala mazishi kwa sababu ya dini yake, kabila lake, jinsia yake, au kwa kuwa anampenda mtu wa jinsia yake."

"Maneno ya mwisho tuyatoe," Abdulhadi alisema. "Tuandike 'wala kwa sababu nyingine yoyote.' Imetosha. Yasir anarudi kwenye kontena, hakuna aliyesikia kitu, sote tunakunywa chai."

"'Sababu nyingine yoyote' ilikuwemo kwenye katiba ya zamani, Mwenyekiti," Yasir alisema. "Katoni zangu zimekwenda chooni nayo ikiwemo."

Wilbard alikohoa ndani ya kikombe.

"Yasir, mwanangu. Dini yetu iko wazi juu ya jambo hili."

"Sikuomba fatwa, sheikh. Naomba nafasi ya katoni."

"Na nyumbani je? Kuna mawakala Dar wanaotupokelea. Wakisikia kontena letu lina kanuni imeandikwa namna hiyo, tutachekwa mpaka bandarini. Mimi nina watoto wanaosoma kwa kontena hili. Wakala akinikimbia, hiyo kanuni itawalipia ada?" Alikuwa amepandisha sauti, akaishusha. "Mimi sikuchukii. Ulipofika mji huu na homa, nani alikushusha ngazi mgongoni?"

"Wewe. Ndiyo maana nilipoona toroli iliniuma zaidi."

Hafidha alimimina chai ndani ya vikombe vilivyokuwa bado vimejaa, na chai ikamwagika kwenye visahani.

"Maneno hayatoki," Yasir alisema. "Yakitoka, mwaka kesho itakuwa zamu ya mwingine, naye ataambiwa hakutajwa."

"Basi itapigwa kura," Abdulhadi alisema, akasimama. "Jumapili, ghalani, hadharani. Watu wasimame, nyuso zionekane. Na kila alama itasimamiwa na mwenyewe. Hakuna kusimamiwa na mwingine tena."

Kila mtu chumbani alijua alichokuwa anakikata. Katika Umoja, alama moja ilikuwa kura moja, na kwa miaka mingi Yasir ndiye aliyesimamia alama za wale wasiohudhuria, kwa sababu yeye alikuwa ghalani kila siku. Bila hizo angebaki na yake moja.

Lakini Dalila, na trei yake mkononi, alifikiria jambo jingine. Alifikiria katoni. Kila alama ilihakikishiwa nafasi yake ndani ya kontena. Kwa hiyo mwanamume aliyetaka nafasi zaidi aliandikisha alama ya pili kwa jina la mke, ya tatu kwa jina la dada. Ghala lilikuwa limejaa majina ya wanawake ambao hawajawahi kuliona.

"Mwenyekiti," alisema. Watu wote waligeuka, pamoja na ndugu zake. "Hata mwenye alama akiwa mwanamke?"

"Hata akiwa nani," Abdulhadi alisema, akitafuta viatu vyake mlangoni. "Kanuni ni kanuni."

Wilbard alimtazama Dalila mara moja tu, akafungua kalamu, akaandika.

* * *

"Na wewe unayo alama, unajua?" Yasir alimwambia walipobaki peke yao. "Ile ya penseli na vibanio vya nywele."

"Si yako ile?"

"Imeandikwa DLL. Mimi naitwa DLL?"

Dalila alitabasamu akiitazama sakafu. Penseli zile alikuwa akizinunua Yide Lu kwa vijisenti alivyopewa na Hafidha, zikienda kwa jirani yao mwenye duka Kikwajuni, Unguja. Siku zote alidhani zinasafiri kwa hisani ya kaka yake. Kumbe zilisafiri kwa jina lake.

Kesho yake alivaa koti juu ya buibui, akatoka. Hakuwa mtu wa kuhutubia. Alikwenda nyumba kwa nyumba, na kila alipofika alikuwa na maneno machache yaleyale.

Kwanza alikwenda kwa Kauthar, mke wa Mwenyekiti. Alimkuta anakunja nguo za watoto.

"Mimi nina alama?" Kauthar aliuliza.

"KTR. Ya vyombo vya jikoni."

"KTR ndiyo mimi?" Alikaa juu ya nguo alizokuwa amekwisha kuzikunja. "Miaka yote nasikia 'KTR imefika, KTR imeuzwa.' Mimi nikidhani kiwanda!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa soksi ya mtoto. Kisha kicheko kikaisha na yeye akabaki anaitazama soksi.

"Sikuja kukuomba kura, Bi Kauthar," Dalila alisema. "Nimekuja kukwambia kwamba unayo, na kwamba haiwezi kwenda bila wewe."

"Unajua mimba yangu ilipoharibika, mume wangu alikuwa safarini," Kauthar alisema, kama hakusikia. "Mimi sijui Kichina hata cha kuomba maji. Nilimpigia kaka yako. Alikaa nyuma ya pazia la kitanda, uso ameuelekeza ukutani, daktari anasema, yeye ananiambia. Mimi nasema, yeye anamwambia. Mchana kutwa ameuelekea ukuta. Nikamwambia, Yasir, shingo yako itavunjika. Akasema, dada, ukuta huu mzuri sana, sijamaliza kuuangalia." Aliikunja soksi. "Mume wangu anajua nilitibiwa. Hajauliza nilitibiwa kwa mdomo wa nani."

Halafu Dalila alishuka Yide Lu kumtafuta Rozina, mama wa Moshi aliyeuza midoli Kariakoo na ambaye sauti yake ilisikika kabla ya duka kuonekana.

"Laoban, bosi wangu, bei gani hiyo? Huyu mdoli analia tu, hata haongei, unataka pesa zote hizo?" Alimwona Dalila. "Ee, friji limetembea! Karibu mdogo wangu."

Kumbe hata Rozina alikuwa ameona watu wanavyozungumza mbele yake kama mbele ya friji. Dalila alimweleza habari ya Jumapili.

"Mimi mlokole," Rozina alisema, akimrudisha mdoli kwenye rafu. "Naimba kwaya. Nitasimama upande gani mimi?"

"Sijui, dada."

"Hujui! Umetoka Xiaobei mpaka hapa kuja kuniambia hujui?"

"Najua nitakaposimama mimi," Dalila alisema.

Rozina aliacha kupatana bei. Mwenye duka, akidhani mteja anaondoka, alishusha bei mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake Rozina hakusikia.

* * *

Jumapili ghala lilikuwa baridi na lilinuka raba. Mwenye ghala, Laoban Chen, alikuwa amekaa juu ya pipa anavuta sigara, kila mara akinyooshea kidole saa yake: lori lilikuwa njiani, na yeye alitaka sakafu yake. Abdulhadi alieleza utaratibu. Wanaoikubali kanuni kama ilivyoandikwa watasimama upande wa mizani. Wanaoikataa, upande wa mlango.

Wanawake waliingia wakati anaeleza. Waliingia kwa makundi, wengine na watoto migongoni, wamevaa makoti yaliyowapwaya, wakapita katikati ya marundo wakisoma katoni kama watu wanaotafuta makaburi ya jamaa zao. "Hii ndiyo mimi?" "Hapana, wewe ile ya ndoo." "Mbona mimi niko mingi hivi?" Mmoja alikuta alama yake kwenye shehena ya vioo vya magari, akamtazama mumewe kwa jicho lililomwambia kwamba angejieleza nyumbani baadaye.

"Mwenyekiti, hawa wamekuja kufanya nini?" Humphrey aliuliza.

"Kusimama," Wilbard alijibu. "Kila alama na mwenyewe, hata akiwa nani. Iko hapa."

Abdulhadi alimwona mke wake. Alimtazama Dalila pia, na Dalila aliona namna alivyokumbuka swali lililoulizwa wakati yeye anatafuta viatu. Angeweza kuahirisha. Lakini alikuwa mtu aliyejenga jina lake kwa kutorudi nyuma ya neno lake, na mbele ya watu wote hawa hakuweza kulivunja.

"Kanuni ni kanuni," alisema. "Anayetaka kusema, aseme."

Humphrey alisogea mbele. "Mimi sina chuki na mtu. Lakini nitalalaje, mimi, nikijua katoni zangu zimelaliana na za yule mpaka Dar?"

"Katoni zako ni za viatu, Humphrey," Rozina alisema kutoka nyuma. "Zitapata mimba?"

Ghala lilipasuka. Hata waliokuwa wamekaza nyuso waligeukia ukutani mabega yakiwatikisika, na Laoban Chen, asiyeelewa hata neno, alicheka pamoja nao. Yasir alikuwa amesimama karibu na choo, penye katoni zake. Yeye hakucheka. Alikuwa amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni.

"Haya, haya," Abdulhadi alisema. "Kina mama. Kabla hamjasimama. Mmeelewa mnachokipigia kura?"

Hakuna aliyejibu. Kwa sababu tangu siku ya kwanza, katika simu, katika lifti, kwenye jamvi, watu walikuwa wamesema "lile jambo," "hali yake," "mambo yale." Wanaume walikuwa wanangoja, na Humphrey alikunja mikono.

"Nani atasema basi?" alisema. "Mkishindwa hata kulitaja, mtalipigiaje kura?"

"Ni habari ya mwanamume anayempenda mwanamume," Dalila alisema, "na mwanamke anayempenda mwanamke."

Sauti ilikuwa imekwisha kutoka, na kwa kuwa ilikuwa imetoka aliiacha iendelee.

"Mzigo wake usishushwe. Akiumwa asaidiwe. Akifa azikwe. Tumeelewa, Mwenyekiti."

Akatembea. Sakafu ya ghala lile hakuwahi kuiona ndefu kama siku ile. Alifika kwenye mizani, akageuka, akasimama, peke yake, buibui lake limeshika vumbi chini. Wilbard akamfuata. Halafu kwa muda hakuja mtu, na Dalila aliona watu wakisogea upande wa mlango, mmoja, wengine, wengine tena, na katikati yao dada yake, ambaye naye alikuwa na alama.

Hafidha hakumtazama. Alikwenda mlangoni kwa mwendo wa haraka, kama mtu aliyeacha jiko linawaka, akasimama amewapa mgongo.

Ndipo Kauthar alipotoka. Alipita mbele ya mume wake, karibu kabisa, kiasi kwamba Abdulhadi alilazimika kurudisha mguu.

"Mama Nasra," Abdulhadi alimwambia mke wake kwa sauti ya chini. "Unakwenda wapi?"

"KTR inakwenda kwenye mizani," alijibu. "Nyumbani nitakueleza kwa nini. Ulipaswa kuniuliza zamani."

Baada ya hapo hawakuja mmoja mmoja. Mama wa vioo vya magari alikuja. Wanafunzi wawili walikuja wakishikana mikono kwa woga. Mzee mmoja wa vitambaa, aliyeswali safu ya mbele kila Ijumaa, alisimama katikati akaitazama sakafu kama aliyewekewa jeneza mbele yake, akasema, "Mimi kumnyima mtu maziko siwezi," akaja. Rozina alikuja mwisho, akisonya njia nzima.

"Kwaya wataniondoa," alitangaza. "Waniondoe. Mtoto wangu wa mwisho nilimzaa hapahapa Guangzhou, daktari anapiga kelele kwa Kichina, huyu Yasir yuko nje ya mlango ananipigia kelele kwa Kiswahili, 'Sukuma, dada Rozina, anasema sukuma!' Nilisukuma. Leo nije nimwambie nini?"

Si wanawake wote waliokuja. Wengine walibaki mlangoni na waume zao, na wengine wawili walikuja kwenye mizani, wakatazamwa, wakarudi. Wilbard alihesabu, Abdulhadi akahesabu baada yake, na Humphrey akadai wahesabu tena. Laoban Chen alichoka. Alishuka kwenye pipa, akaunyooshea kidole upande huu, akaunyooshea ule, midomo ikimcheza kwa kuhesabu, kisha akaupigia kofi upande wa mizani.

"Hawa wengi," alisema kwa Kichina, hasira imemjaa. "Hawa wengi! Haya, ondoeni hizi katoni."

Yasir ndiye mtafsiri wa Umoja. Watu wote walimtazama yeye awaambie mzee kasema nini, nao walikuwa wamekwisha kuelewa.

"Anasema tupakie," Yasir alisema, akifungua kifungo cha shingoni.

Abdulhadi alivua kofia, akaivaa. "Mimi nimekataa," alisema, "na nikitoka hapa bado nakataa. Lakini imepita. Mimi ni mwenyekiti wa waliokubali pia. Pakieni."

"Basi mimi naondoa zangu," Humphrey alisema.

"Wahi, baba, nafasi inatafutwa," Rozina alimjibu.

Humphrey alizizunguka katoni zake mara moja, akaziegemea, akatoa simu akaitazama. Hakuziondoa.

Na wakati watu bado wanazungumza, wengine wakibishana, wengine wakiulizana lori limefika wapi, Hafidha alitoka mlangoni. Alikwenda moja kwa moja mpaka penye choo. Alijifunga kanga kiunoni, akainama, akaishika katoni ya juu yenye alama ya mdogo wake kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani.

"Dada, acha, nzito," Yasir alisema.

"Nimeikataa kanuni," Hafidha alisema, akihema. "Nyumba ile inakula kwa watu hawa, Yasir, na mimi naogopa. Sijakukataa wewe. Shika upande ule."

Wakaibeba pamoja mpaka kwenye rundo. Dalila alifuata na ya pili.

* * *

Jioni walikuwa watatu nyumbani. Hafidha alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na kitu. Alikuwa amekwisha kupokea ujumbe wa watu waliosema Ijumaa hawatakuja tena, na ujumbe wa Kauthar aliyesema atakuja yeye, na watoto, na atalipa kama wanaume. Alifuta tu.

Simu ya Yasir ililia. Ilikuwa na mlio wake wa peke yake, kwa mtu mmoja tu, na kila ilipolia hivyo, kwa miaka mitatu sasa, Yasir aliinuka, akasema "mteja," akatoka kwenye ngazi. Alizungumzia huko penye mapipa ya taka, hata wakati wa baridi. Dalila alipokwenda kumwaga taka alikuwa amemsikia akicheka, kicheko ambacho ndani ya nyumba hakuwahi kukileta. Mara nyingi alisimama na mfuko wake nyuma ya mlango wa ngazi, akamwacha amalize, kisha akarudi nao ndani. Hakumwambia mtu. Hata yeye mwenyewe hakuwa amelisema moyoni kwa maneno.

"Mteja," Yasir alisema, akainuka.

"Kaa," Dalila alisema.

Yasir alisimama, simu inalia mkononi. Kitambaa cha Hafidha kilikoma juu ya meza.

"Nje kuna baridi. Zungumza naye hapahapa," Dalila alisema, na safari hii hakuitazama sakafu. "Na unisalimie shemeji."